Soksi Iliyotiwa Bitana

Shangazi yangu alishona nguo kwa miaka thelathini na miwili, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemrudishia nguo kwa sababu mshono umefumuka. Watu walirudisha nguo kwa sababu wamenenepa, au wamekonda, au wamegombana na aliyewanunulia kitambaa. Mshono ulibaki palepale. Mahali ambapo mafundi wengine wangepitisha uzi mara moja, yeye alipitisha mara mbili, akakunja pindo, akapiga tena juu yake. Mafundi ujenzi ndio waliompa jina la Chuma. "Nenda kwa Chuma," waliambizana. "Suruali yake utazikwa nayo."

Mumewe naye aliitwa Kiwanja, kwa sababu alikuwa msimamizi wa kiwanja kidogo cha ndege kilichokuwa mita hamsini kutoka mlangoni pao. Msimamizi ni neno kubwa. Alikuwa mfanyakazi pekee. Alifyeka majani, akapaka chokaa mawe ya pembeni, akafukuza ng'ombe na mbuzi kabla ya ndege kutua, na kila siku aliandika katika daftari la serikali nani ametua na nani ameruka. Nyumba waliyokaa ilikuwa ya kazi: vyumba vitatu, sakafu ya saruji iliyopasuka kona moja, na dirisha la mbele ambapo shangazi aliweka cherehani yake ili apate mwanga. Kutoka kwenye kiti chake aliona uwanja wote, kuanzia upande wa mto hadi upande wa kilima.

Katikati, karibu na banda la kungojea, ulisimama mlingoti wa chuma, na juu yake ulining'inia ule mfuko mrefu wa kitambaa unaoonyesha upepo unakotoka na nguvu zake. Sisi sote tuliuita soksi. Soksi ikijaa na kunyooka, rubani anajua kuna upepo, na anazunguka ili atue akiukabili. Soksi ikilala, anajua kuna utulivu, na anaingia atakavyo. Kukiwa shwari, marubani wote walipenda kuingia kutoka upande wa mto, maana upande wa pili kilima kiliwabana.

Soksi za serikali zilichanika. Jua lilizikausha, upepo ukazipiga kwenye mlingoti, na baada ya miezi minne zilibaki nyuzinyuzi. Kiwanja aliandika barua makao makuu kuomba nyingine. Aliandika ya pili. Ya tatu aliiandika kwa wino mwekundu, na hiyo pia haikujibiwa.

"Mke wangu," alisema siku moja, ameshika kitambaa kilichobaki kama mtu aliyeshika panya aliyekufa, "wewe unawashonea wabeba zege suruali hazichaniki. Soksi itakushinda?"

"Mguu wenyewe uko wapi niupime?"

"Upepo hauna mguu."

"Basi usije ukaniambia inambana."

Aliishona kwa siku mbili. Alitumia turubai jepesi la rangi ya chungwa, akafuata vipimo vya ile ya zamani bila kukosea hata kidole. Kiwanja alipoiona alifurahi, lakini akavutavuta mdomo wa soksi na kusema, "Hapa ndipo zinapoanza kuchanika. Na huku katikati pia, zinapopiga mlingoti. Itie nguvu." Basi akaitia bitana. Alichukua flaneli nzito, ile ya kushonea nguo za watoto wachanga, akaipitisha ndani yote kutoka mdomoni hadi mkiani, akaishikiza kwa mishono minane iliyonyooka.

Soksi ilipandishwa, upepo ukaingia, ikanyooka. Miezi ilipita bila uzi hata mmoja kutoka. Rubani aliyemleta daktari wa macho kila mwezi, kijana wa miaka thelathini na kitu aliyependa utani, aliinua kichwa akacheka. "Mama, huu uwanja umeuvalisha suruali ya mguu mmoja."

"Mguu wa pili nitaushona ukinilipa, mwanangu."

"Nitakulipa kwa kukupandisha ndege."

"Mimi? Ardhi hii hii inanishinda, sembuse huko juu!"

Kiangazi kilikuwa kirefu mwaka ule. Soksi haikunyeshewa hata mara moja.

Mvua ya kwanza ilikuja alfajiri ya siku ya daktari wa macho. Ilinyesha kwa nguvu hadi saa mbili, kisha ikakatika, na jua likatoka juu ya majani yaliyolowa. Chini ya banda walikuwa wameshafika wagonjwa kumi na kitu, wengi wazee wasioona, kila mmoja ameletwa na mwana au mjukuu. Walikaa kwenye mabenchi mawili wakitazama mbele, kwa namna wanavyotazama watu ambao macho yao yamebaki kuwa desturi tu. Kiwanja alikuwa upande wa kilima akihangaika na ndama wa jirani waliokuwa hawataki kuondoka kwenye majani mabichi. Shangazi alikuwa dirishani akitia vifungo kwenye shati.

Saa nne alisikia injini. Ndege ilipita juu ya mto, ikashuka. Shangazi aliniambia kwamba hakutazama mwanzoni, kwa sababu masikio yalikuwa yameshazoea: injini inashuka sauti, magurudumu yanagusa, injini inanguruma kidogo, kisha kimya. Siku hiyo magurudumu yalichelewa kugusa. Alipoinua macho, ndege ilikuwa imeshapita mlingoti na bado inaelea. Iligusa chini mbali sana, kule majani yanakoanza kupanda kuelekea kilima, ikateleza kwenye unyevu, na ikaingia kwenye mtaro wa mawe mwishoni mwa uwanja. Mkia uliinuka, ukasimama kidogo, ukaanguka upande.

Alitoka mbio bila viatu. Kitambaa alichojifunga kichwani kilifunguka, kikaruka mbele yake. Akakiona kikiruka kuelekea kilima, kuelekea ndege. Upepo ulikuwa mgongoni kwake, na ulikuwa mkali. Alipopita chini ya mlingoti aliinua kichwa, na hilo ndilo aliloniambia mara nyingi kuliko jambo lingine lolote: soksi ilikuwa imelala. Ilikuwa imejibana na mlingoti kama mbwa aliyekaripiwa, na maji yalikuwa yakidondoka kutoka mkiani mwake. Tone likamwangukia begani.

Akajua papo hapo. Flaneli inakunywa maji. Kila mama aliyewahi kufua nguo za mtoto anajua hilo.

Nyuma yake, bandani, mzee mmoja alikuwa akiuliza, "Imetua? Mbona mmenyamaza? Daktari ameshashuka?" Na hakuna aliyemjibu.

Muuguzi wa daktari walimtoa kwanza, amevunjika mkono. Rubani alibanwa nyonga na kiti chake, akitoa sauti ndogo kama mtu anayehesabu. Daktari walimtoa mwisho. Alikuwa bado anapumua walipompakia kwenye gari la zahanati, na hakufika hospitali.

Jioni ile Kiwanja alikaa mezani na daftari la serikali mbele yake. Mikono yake ilikuwa na damu iliyokauka kwenye kucha. Kulikuwa na fomu ya taarifa ya ajali, na kwenye fomu kulikuwa na mstari unaouliza kama kionyesha upepo kilikuwa kinafanya kazi. Aliandika: Kinafanya kazi vizuri. Shangazi alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake na aliyaona maneno yakiandikwa, herufi kwa herufi. Kesho yake jua liliwaka kutwa, na soksi ikakauka.

Wachunguzi walikuja siku ya tatu, wawili: mama mmoja mwenye miwani, mkubwa wa kazi, na kijana wake mwenye futi ndefu ya kupimia. Walipima alama za magurudumu, wakapiga picha mtaro, wakaokota vipande. Mama mwenye miwani alisimama chini ya mlingoti muda mrefu. Upepo ulikuwa wa wastani na soksi ilinyooka vizuri sana, ya rangi ya chungwa, kama iliyotoka dukani.

"Hii mmeipata wapi?" aliuliza.

"Tumeshonesha hapa hapa, mheshimiwa," Kiwanja alijibu. "Za makao makuu hazifiki."

"Imeshonwa vizuri." Akaandika.

Shangazi alikuwa anawaletea chai. Alisikia sifa hiyo, na aliniambia kwamba katika maisha yake yote hakuna sifa iliyowahi kumchoma vile.

Siku mbili baadaye muuguzi alirudi kuchukua masanduku ya dawa, mkono umefungwa plasta. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye macho yaliyovimba, na shangazi alimkalisha kwenye kiti cha wateja.

"Rubani anaendeleaje?"

"Yuko hai. Nyonga imevunjika mahali pawili. Lakini mwili si tatizo lake, mama." Muuguzi alitazama plasta yake. "Wachunguzi wamemuuliza kwa nini alitua na upepo mgongoni. Anasema soksi ilikuwa imelala. Wanamwambia soksi ni nzima, wameiona kwa macho yao, inapaa. Wanasema alikuwa na haraka, hakuitazama. Wanasema atashtakiwa kwa kifo cha daktari."

"Na wewe? Hukuiona?"

"Mimi nilikuwa nimefumba macho. Huwa nafumba macho kila tunapotua." Akaishika plasta kwa mkono wake mzima. "Mke wa daktari alikwenda kumwona hospitali. Alimwuliza mbele ya watu wote: ungepungukiwa nini ungetazama mara moja tu? Tangu hapo haongei."

Muuguzi alipoondoka, shangazi alibaki na shati la mtu mikononi. Alikuwa ametia vifungo viwili mahali pa kimoja.

Mumewe alirudi kula mchana. Walikula jikoni, kwenye meza ndogo iliyoegemea ukuta kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa mfupi.

"Soksi ililala kwa sababu yangu," shangazi alisema.

"Kula."

"Ilikunywa maji. Nimeiona mwenyewe. Na wewe umeiona."

"Mimi nilikuwa na ndama."

"Uliporudi uliiona. Uliikamua."

Kiwanja aliacha kutafuna. Ni kweli. Alasiri ya siku ya ajali aliishusha soksi, akaikamua kwa mikono yake kama mtu anayefua, akaipandisha tena. Alidhani mkewe alikuwa zahanati.

"Sikiliza, mama watoto," alisema kwa sauti ya chini. "Maji yakimwagika hayazoleki. Daktari amekufa, Mungu amrehemu. Ukisema, atafufuka? Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Nyumba hii si yetu. Watoto wako mbali na wana shida zao. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Mwanaharamu ni nani hapo? Yule kijana?"

"Usinigeuzie maneno."

"Nauliza tu. Maana kombe hilo likifunikwa, aliyemo ndani yake ni yeye."

"Rubani ana kampuni yake, ana wakili wake. Wewe una nani? Una mimi." Akasukuma sahani. "Na wewe ulishona tu. Nani amemfunga fundi kwa sababu ya kushona?"

"Nilishona vibaya."

"Ulishona vizuri! Mama wa miwani mwenyewe amesema."

"Nilishona vizuri kitu kibaya," shangazi alisema. "Siku zote nimedhani ukishona kwa nguvu umemaliza kazi. Ile ilitakiwa kuwa nyepesi. Ilitakiwa kuchanika."

Kiwanja aliinuka akaenda uwanjani, na hakukuwa na ndege siku hiyo wala mnyama wa kufukuza.

Sijui shangazi aliwaza nini jioni ile. Alikuwa mtu wa kufanya kazi wakati wa dhiki, na kesho yake watu walikuta nguo zote zilizokuwa zikingoja zimekwisha, zimepigwa pasi na kukunjwa. Wachunguzi walikuwa waondoke asubuhi hiyo. Gari lao lilikuwa mbele ya banda, kijana akipakia masanduku. Kiwanja alikuwa anawasaidia. Shangazi alitoka nyumbani na ndoo ya maji.

"Mama, asante kwa chai zako," alisema mama mwenye miwani.

"Soksi mmeimaliza?"

"Tumeikagua. Inafanya kazi."

"Inafanya kazi ikiwa kavu," shangazi alisema. "Naomba muishushe muiloweshe."

Kijana wa futi alitazama mkubwa wake. Kiwanja alitua sanduku chini taratibu. "Mke wangu amechoka," alisema. "Tangu ajali halali."

"Silali, ni kweli. Ishusheni. Nimeitia flaneli ndani, kutoka mdomo hadi mkia. Siku ile ilinyeshewa saa nyingi."

Mama mwenye miwani alikwenda mwenyewe kwenye mlingoti, akafungua kamba. Alipotia mkono ndani ya mdomo wa soksi na kuigusa bitana, alisimama hivyo kidogo, vidole vikiwa ndani. Kisha akaitia soksi yote kwenye ndoo. Walingoja. Shangazi aliibonyeza chini kwa mikono miwili, kama anavyobonyeza nguo nzito, mapovu madogo yakitoka. Walipoipandisha ilikuwa ikimwaga maji.

Upepo wa asubuhi ulikuwa unatoka mtoni. Ulipeperusha karatasi kwenye ubao wa yule kijana hadi akazishika kwa kifua. Mama mwenye miwani alitoa mfukoni kifaa chake kidogo cha kupimia upepo, akakiinua juu ya kichwa, akakisoma, akakiinua tena. Soksi ilining'inia. Ilitikisika mkiani tu, kama mtu anayekataa kwa kidole.

"Nani ameishona?" aliuliza, ingawa alijua.

"Mimi."

"Na bitana, wazo la nani?"

"Langu," alisema shangazi. "Mimi ndiye fundi."

Kiwanja alikuwa bado ameshika kamba ya mlingoti. Watu waliokuwepo wanasema angeweza kunyamaza na jambo likaishia hapo. Mkewe alikuwa ameshambebea sehemu yake, na hakuna aliyemwuliza chochote.

"Muandike na mimi," alisema.

"Nini?"

"Nilimwambia aitie nguvu. Nikaipandisha bila kuuliza mtu. Nikaikuta imelowa nikaikamua. Na ile fomu niliijaza mimi." Alivuta pumzi. "Andika yote, mheshimiwa, kabla sijabadilika."

Waliandika hadi saa saba. Soksi waliichukua ndani ya mfuko wa nailoni, na mlingoti ukabaki mtupu.

Barua ya Kiwanja ilikuja baada ya wiki tano, haraka kuliko barua yoyote iliyowahi kutoka makao makuu. Alisimamishwa kazi, na nyumba ilitakiwa iachwe mwisho wa mwezi. Walihamia chumba cha kupanga nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Wateja walipungua kwa muda. Wengine walisema Chuma ameua mtu, wengine walisema amemuuza mumewe, na wapo waliosema yote mawili kwa pumzi moja huku wakimwachia suruali zao. Yeye na Kiwanja waliongea machache: chumvi iko wapi, nani amegonga. Kiwanja hakumlaumu kwa mdomo. Lakini jioni alikaa mlangoni na mgongo wake ukielekezwa ndani, na mgongo huo shangazi aliutazama hadi giza lilipoingia.

Mashtaka ya rubani yalifutwa. Shangazi aliyasikia kwa muuguzi, na hakujua afanye nini na habari hiyo, maana ilikuwa njema na haikumpunguzia chochote.

Kisha siku moja alasiri simu ililia, namba asiyoijua.

"Mama? Ni mimi."

Aliitambua sauti, ingawa ilikuwa imekonda. Aliinuka, akakaa tena.

"Mwanangu. Nisamehe." Alikuwa amepanga maneno mengi kwa wiki nyingi. Yakabaki hilo moja.

"Sikupiga kwa hilo, mama." Shangazi alisikia vyombo vikigongana mahali fulani nyuma yake. "Mimi nilitakiwa nizunguke uwanja mara moja niuhakikishe upepo kabla ya kutua. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Nilitakiwa nizunguke. Hilo ni langu, hawawezi kulifuta. Nataka kukuuliza kitu. Wameniambia mara nyingi sana kwamba sikutazama. Wachunguzi, wakili, mke wa daktari. Nikafika mahali nikianza kukumbuka, naona soksi imenyooka. Naiona kabisa, mama. Ya rangi ya chungwa, imenyooka. Ndiyo najiuliza kama nina akili. Wewe ulikuwepo. Niambie, ilikuwa imelala?"

Mlangoni, Kiwanja alikuwa amegeuza kichwa.

"Ilikuwa imelala," shangazi alisema. "Nilipita chini yake. Ilikuwa imelala, mwanangu, na maji yake yaliniangukia begani. Uliiona sawasawa."

Upande wa pili palikuwa na pumzi tu, ndefu, zikikatika na kuunganika. Shangazi hakumharakisha.

"Haya, mama," alisema mwishoni. "Nikuache. Wamekuja kunikalisha kitandani. Ndiyo mazoezi ya leo, kukaa."